Kwa nini programu inauza hata mtandao ukikatika: jinsi ya kuielewa na kuitumia 127.0.0.1

Wakati wa masika, dada mmoja mwenye duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga, alinipigia simu saa tatu asubuhi. "Fundi, ruta imezima tangu usiku. Mbona programu bado inauza?" Hakuwa analalamika, alikuwa na wasiwasi. Programu yake ya mauzo hufunguliwa kwenye Chrome, ile ile anayosomea habari, na pale juu pana anwani kama ya tovuti yoyote: `http://127.0.0.1/duka`. Kwake, kinachofunguka ndani ya Chrome kinatoka intaneti. Sasa intaneti hakuna, na vidonge vinauzika. Hayo mauzo yanaandikwa wapi?

Nikamwambia, "Usiogope dada, inaongea na kompyuta hiyo hiyo iliyo mbele yako." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo vijana wanaojifunza kazi kwangu hawajawahi kuniuliza: "Kama ni kompyuta hiyo hiyo, anwani ya nini?"

Ninayoandika hapa ni jibu la swali lake, pamoja na mambo ya kufanya kwa mikono, kwa sababu anwani hii huielewi kwa kusoma tu. Unahitaji kompyuta moja, simu moja na WiFi ya nyumbani.

Namba inayosema "kwetu"

Mtu wa Pangani akisema "narudi kwetu", anakwenda Pangani. Wa Lushoto akisema maneno hayo hayo, anapanda milimani. Neno ni moja, safari ni mbili, na hakuna anayepotea, kwa kuwa "kwetu" hupata maana kwa yule anayelitamka. 127.0.0.1 ni "kwetu" ya kompyuta. Mashine yoyote ikiitamka, inajitaja yenyewe. Laptopu yako inayo, simu yako inayo, seva za benki zinayo, zote namba ile ile, wala hazigongani, kwa sababu pakiti (furushi la data) iliyoandikiwa namba hiyo haitoki nje ya mashine iliyoiandika.

Kwa kweli si namba moja. Kila anwani inayoanza na 127, kuanzia 127.0.0.0 hadi 127.255.255.255, imetengwa kwa kazi hii: jumla ni 16,777,216. Novemba 1986, Joyce Reynolds na Jon Postel, waliokuwa wakitunza orodha ya namba za intaneti, walitoa waraka uitwao RFC 990. Humo mtandao namba 127 ukapewa kazi ya kujirudia: kinachotumwa huko kirudi ndani ya mashine yenyewe, kisionekane kwenye mtandao wowote, popote. Oktoba 1989 RFC 1122 ikalirudia sharti hilo. Siku zile namba zilikuwa zikigawiwa kwa mafungu makubwa makubwa, ndiyo maana fungu la zaidi ya milioni 16 likaenda kwa kazi ambayo namba moja ingeitosha. Namba hizi zote ni za mfumo wa anwani uitwao IPv4. Kwenye ule mpya zaidi, IPv6, anwani ya kujirudia ni moja tu, inaandikwa `::1`.

Sasa, anwani ya nini?

Programu ya yule dada anaiona ni moja, lakini ni tatu. Kuna Chrome inayoonyesha skrini. Kuna Apache inayopokea maombi na kuendesha hesabu zilizoandikwa kwa lugha ya PHP. Na kuna MariaDB inayoshika daftari lenyewe, ambalo mafundi huliita hifadhidata: dawa, bei, tarehe za kuisha muda, mauzo ya kila siku. Zimeandikwa na watu wasiojuana, na mfumo endeshi (Windows, Linux au ule wa Mac) umezitenga kwa makusudi, kila moja na sehemu yake ya kumbukumbu, isichungulie ya mwenzake. Bila kutengwa hivyo, moja ikianguka ingeziangusha zote.

Zikishatengwa, zinahitaji njia ya kusemezana, na njia ambayo zote tatu tayari zinaijua ni ile ya mtandao. Chrome ilizaliwa kuita seva. MariaDB inajua kupokea wateja wanaoita kutoka mbali. Kwa hiyo mwandishi wa Chrome hakuhitaji kuandika njia mbili, ya mbali na ya karibu. Anaita vile vile, iwe seva iko Ujerumani au iko ndani ya boksi moja na yeye. Anayejua tofauti ni mfumo endeshi. Mfumo huo ukiiona 127 mwanzoni mwa anwani, unaipeleka pakiti kwenye kadi ya kufikirika, isiyoshikika, inayoitwa `lo` kwenye Linux na `lo0` kwenye Mac. Kazi ya kadi hiyo ni moja: kuichukua pakiti upande wa kutuma na kuiweka upande wa kupokea. Kebo haihusiki, WiFi haihusiki, ruta haihusiki. Naupenda sana urahisi huu. Siku duka likikua na daftari likahamia mashine nyingine, kinachobadilika ni anwani kwenye faili la mipangilio, mstari mmoja, na programu nzima haiguswi.

Sababu ya pili ni ulinzi. Programu inayopokea wageni huchagua isikilize kwenye anwani ipi. Ikichagua 127.0.0.1, anayeweza kubisha ni programu nyingine iliyo ndani ya mashine hiyo hiyo, basi. Ikichagua 0.0.0.0, maana yake "anwani zangu zote", hapo hata aliye upande wa pili wa WiFi anabisha na anasikika. Nitarudi hapa, maana ndipo watu wanapoumia.

Ya tatu ni kwamba anwani hii haihami. Ile 192.168 unayopewa na ruta inaweza kubadilika leo au kesho. 127.0.0.1 ipo tangu mashine inawaka hadi inazimwa.

Jionee mwenyewe

Chomoa kebo ya mtandao na uzime WiFi. Zima kweli, usiruke hatua hii. Fungua dirisha la amri (kwenye Windows tafuta `cmd`) uandike:

`ping 127.0.0.1`

Majibu yatakuja kama kawaida. Kwenye Linux yangu kila jibu hurudi chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Jaribu pia `ping 127.44.5.6`. Windows na Linux zitajibu, kwa sababu fungu zima ni lao. Mac itajibu 127.0.0.1 peke yake mpaka uiongezee nyingine.

Nimekutana na vijana waliofundishwa kwamba ping hii inapima kama kadi ya mtandao ni nzima. Haipimi. Umechomoa kebo na umezima WiFi, na bado inajibu. Inachothibitisha ni kwamba sehemu ya mfumo endeshi inayoshughulikia TCP/IP, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandao, iko hai. Kadi inaweza kuwa imeungua kwa radi na ping hii ikakujibu vizuri kabisa.

Hatua inayofuata: tengeneza folda mpya, weka ndani faili moja tu la maandishi lisilo na siri yoyote, ingia humo kwa dirisha la amri, kisha uandike (kama una Python; kwenye Windows andika `python` badala ya `python3`):

`python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1`

Fungua kivinjari, andika `http://127.0.0.1:8000`. Utaliona faili lako. Ile 8000 baada ya nukta mbili ni mlango. Mafundi wengi husema poti. Anwani inakufikisha kwenye nyumba, mlango unakufikisha kwa mtu unayemtaka. MariaDB kwa kawaida hukaa mlango 3306; hifadhidata nyingine, PostgreSQL hukaa 5432 na Redis 6379.

Washa WiFi sasa. Tafuta anwani ya kompyuta kwenye WiFi hiyo kwa `ipconfig` (Windows) au `ip addr` (Linux). Tuseme ni 192.168.1.23. Chukua simu iliyo kwenye WiFi hiyo hiyo, andika `http://192.168.1.23:8000`. Haifunguki. Rudi kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na C kuisimamisha, uiwashe tena bila kile kipande cha `--bind`:

`python3 -m http.server 8000`

Windows ikiuliza kama uiruhusu, iruhusu kwa jaribio hili. Fungua tena kwenye simu. Faili hilo hapo! Amri ni ile ile, folda ni ile ile, na tofauti ni maneno mawili mwishoni. Isimamishe sasa hivi, na ile ruhusa ya Windows uiondoe. Mtu akiiwasha hivi ndani ya folda yake ya nyaraka, kwenye WiFi ya hoteli, amewafungulia wageni wote kabati lake.

Kagua milango ya mashine yako

Hii ndiyo amri ninayoanza nayo kila ninapoingia kwa mteja mpya. Kwenye Windows:

`netstat -ano | findstr LISTENING`

Kwenye Linux `sudo ss -tlnp`, kwenye Mac `sudo lsof -nP -iTCP -sTCP:LISTEN`.

Soma safu ya anwani ya upande wa mashine yako. Ukiona `127.0.0.1:3306` au `[::1]:3306`, mlango uko ndani. Ukiona `0.0.0.0:3306`, `[::]:3306` au `*:3306`, mlango unatazama barabarani. Ukiona anwani kama `192.168.1.10:80`, unatazama mtandao huo mmoja tu. Kwa kila mlango ulio nje jiulize: nani, asiye kwenye mashine hii, anahitaji kuingia hapa? Kama huna jibu, urudishe ndani.

Nisimulie nilichokikuta kwenye duka lile lile. Miezi kadhaa kabla ya simu ya asubuhi ile, dada alikuwa ameongeza kaunta ya pili na kumwita fundi mwingine aiunganishe. Msichana wa kaunta ya pili alikuwa ameinakili anwani kutoka kaunta ya kwanza, herufi kwa herufi, `http://127.0.0.1/duka`, na kila akifungua anaambiwa muunganisho umekataliwa. Bila shaka! Kompyuta yake ilikuwa inakwenda kwao yenyewe, na kwao hakukuwa na Apache wala daftari. Alihitaji anwani ya kaunta ya kwanza kwenye mtandao wa duka, 192.168.1.10.

Yule fundi hakuliona hilo. Alidhani tatizo ni daftari, akalifungua lote. MariaDB ilikuwa inasikiliza 0.0.0.0, na mtumiaji mkuu, `root`, alikuwa ameruhusiwa kuingia kutoka popote bila nywila. WiFi ya duka ndiyo hiyo hiyo wanayopewa wateja wakisubiri dawa. Mteja yeyote mwenye laptopu angeweza kusoma nani kanunua dawa gani, au kufuta kila kitu. Iliniuma sana. Orodha ya dawa za mgonjwa ni siri kati yake na aliyempa.

Kitu ambacho ningependa kila fundi akijue ni hiki: kaunta ya pili haikuhitaji kulifikia daftari hata kidogo. Chrome ya kaunta ya pili inaongea na Apache ya kaunta ya kwanza. Apache ndiyo inayoongea na MariaDB, na hizo mbili zinaishi nyumba moja. Kwa hiyo unafungua mlango wa Apache tu, na daftari linabaki ndani, kwenye 127.0.0.1. Hivi ndivyo nilivyofanya.

Kwanza, kwenye faili la mipangilio ya MariaDB, `my.ini`, chini ya `[mysqld]`, niliweka mstari:

`bind-address=127.0.0.1`

Kwenye Debian na Ubuntu faili ni `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`, na mara nyingi mstari huo utaukuta umekwisha wekwa. Pili, niliangalia nani anaruhusiwa kuingia kutoka wapi:

`SELECT user, host FROM mysql.user;`

Palipokuwa na `root` na alama ya `%`, maana yake popote, niliondoa kwa `DROP USER 'root'@'%';` kisha nikamtengenezea Apache mtumiaji wake mwenye nywila, asiyegusa kitu zaidi ya daftari la duka. Nikazima na kuwasha MariaDB, nikairudia ile `netstat`. Usiamini faili la mipangilio mpaka `netstat` iseme, kwani mara nyingi nimekuta watu wamehariri faili ambalo programu haisomi.

Kwa Apache nilijaribu kwanza kuandika mistari miwili, `Listen 127.0.0.1:80` na `Listen 192.168.1.10:80`, nikaona nimefanya kazi safi. Siku ruta ilipozima tena, kompyuta ilipowashwa, Windows haikuwa na anwani ile kwa kuwa kebo haikuwa na kitu upande wa pili, na Apache ikagoma kuwaka. Duka likasimama nusu saa. Kwa hiyo nikarudi kwenye `Listen 80`, na kazi ya kuchuja wageni nikaupa ukuta wa ulinzi wa Windows. Niliifuta ruhusa ya jumla aliyokuwa nayo Apache, nikaipa kaunta ya pili anwani isiyobadilika, kisha:

`netsh advfirewall firewall add rule name="Kaunta2" dir=in action=allow protocol=TCP localport=80 remoteip=192.168.1.11`

Kaunta ya kwanza yenyewe haihitaji ruhusa hiyo, inapita kwenye 127.0.0.1 kama zamani. Mwisho niliwawashia wateja WiFi ya wageni, iliyotengwa kwenye ruta.

Ukidhani nakuza mambo, Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB duniani zilifutwa na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai malipo. Hawakuvunja kitu. Zilikuwa zinasikiliza mtandao mzima bila nywila, wakaingia. Toleo la 3.6, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo, likaja na 127.0.0.1 kama chaguo la mwanzo, anayetaka kufungua nje afungue kwa mkono wake.

Mitego ya njiani

Jina `localhost` na namba 127.0.0.1 si kitu kimoja. `localhost` ni jina, na jina lazima litafsiriwe, kwa kawaida kwenye faili la `/etc/hosts` kwa Linux na Mac; Windows za sasa hulitafsiri zenyewe. Mashine moja italitafsiri kuwa 127.0.0.1, nyingine `::1`. Wanaoandika kwa Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, waliliona hili toleo la 17 lilipotoka, Oktoba 2021: programu zilizokuwa zikifanya kazi jana zikaanza kulia kwamba zimekataliwa kwenye `::1`, kwa sababu Node iliacha kuitanguliza IPv4, na seva zao zilikuwa zinasikiliza IPv4 tu. Ukikutana na kosa hilo, andika namba badala ya jina. Kwa MariaDB na ndugu yake MySQL, zikiwa kwenye Linux, pana jingine: mteja ukimwambia `localhost` haendi kwenye TCP (njia ya mtandao) kabisa, anapita kwenye faili maalumu la soketi. Ukimwambia 127.0.0.1 ndipo anapita TCP. Nimeona mtu akihangaika siku nzima kwa nini mlango aliobadilisha hauna athari, kumbe hapiti mlangoni.

Ujumbe wa kukataliwa ukiusoma vizuri utakuokolea muda. Kwenye 127.0.0.1, "muunganisho umekataliwa" karibu kila mara maana yake ni kwamba hakuna programu inayosikiliza mlango huo. Usiende kugusa ruta. Nenda kaangalie kama huduma imewaka na kama iko mlango unaoudhani.

Kingine kilitukuta kaunta ya pili tena. Programu ya duka husoma bakodi kwa kamera, kupitia kivinjari. Kaunta ya kwanza kamera iliwaka, ya pili ikakataa, ingawa kompyuta zilikuwa za aina moja. Sababu: vivinjari haviruhusu kamera kwenye tovuti isiyo na https, isipokuwa ile iliyo kwenye `localhost` au 127.0.0.1, kwa kuwa hiyo haipiti njiani kokote mtu akaweza kuidukua. 192.168.1.10 kwa http ya kawaida haipati upendeleo huo. Tungeweza kutengeneza cheti cha https. Tulinunua kisomea bakodi cha USB, tatizo likaisha.

Kwa wanaotumia Docker, inayoendesha programu ndani ya vyumba vilivyotengwa viitwavyo kontena: kila kontena lina 127.0.0.1 yake. Programu iliyo ndani ya kontena ikiita 127.0.0.1 inajiita yenyewe, si kompyuta uliyoikalia. Na ukifungua mlango kwa `-p 3306:3306` umeufungua kwa mtandao wote, hata kama `ufw` yako (ukuta wa ulinzi wa Ubuntu) inasema umefungwa, maana Docker huandika kanuni zake zinazopita kando. Andika `-p 127.0.0.1:3306:3306`.

Kulifikia daftari kutoka mbali bila kulifungua

Nina mteja mwingine, shule ya sekondari yenye seva ya Ubuntu. Wakati mwingine nahitaji kuingia kwenye hifadhidata yao nikiwa nyumbani kwangu. MariaDB yao iko 127.0.0.1 na inabaki hapo. Ninachofanya ni kupitisha njia ndani ya SSH, chombo cha kuingia kwenye mashine ya mbali kwa usiri:

`ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 fundi@anwani-ya-seva`

Soma mstari huu polepole, ndipo utajua kama umelielewa neno "kwetu". Ile 3307 inafunguka kwenye laptopu yangu, kwenye 127.0.0.1 yangu. Ile 127.0.0.1 ya katikati inatamkwa na seva ya shule, kwa hiyo ni ya kwao. Programu yangu naielekeza 127.0.0.1 mlango 3307, nayo inaamini daftari liko humu humu ndani. MariaDB ya shule nayo inaona mgeni ametoka ndani ya nyumba. Katikati, kila kitu kimefungwa kwa usimbaji wa SSH, na mlango 3306 haujawahi kuonekana nje.

Usiiamini kupita kiasi

127.0.0.1 inawazuia walio nje ya mashine. Haiwazuii walio ndani. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kila mmoja wao anaweza kubisha mlango huo, na programu hasidi ikiingia, nayo iko ndani. Kivinjari pia kiko ndani, na kivinjari hubeba kurasa za watu usiowajua. Julai 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kwamba Zoom kwenye Mac ilikuwa ikiacha seva ndogo kwenye mlango 19421, na ukurasa wowote wa tovuti ungeweza kuiita na kumwingiza mtu kwenye mkutano kamera ikiwa wazi. Seva hiyo haikuwa inafikika kutoka mtandaoni moja kwa moja, lakini ilimkubali kila aliyebisha kutoka ndani. Kwa hiyo nywila iwepo hata kwenye 127.0.0.1, na programu yako ikague ni ukurasa upi unaoiita.

Siku nilipomaliza kazi ya duka nilikaa upande wa wateja, kwenye ile WiFi ya wageni. Kwenye simu niliandika `192.168.1.10`, haikufunguka. Kwa laptopu nikajaribu mlango 3306, kimya. Kaunta ya pili ikafungua duka kama kawaida. Kisha nikamwomba dada achomoe ruta ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Aliichomoa, taa zikazima, akarudi kaunta ya kwanza, akamuuzia mzee mmoja vidonge vya presha, na printa ikatoa risiti. Akaingia kwenye ripoti ya siku, akakuta mauzo yale yameandikwa, ya mwisho kwenye orodha.